Kompyuta Iliyoamini Amani

Nanyori, maiki ni yangu! Jumamosi kwenye sendofu ya binamu Brigita, tukimuaga kwenda kuolewa, naongea mimi!

Si unajua Hilary, huyu kaka yangu, alivyong'ang'ania kuwa emsii? Leo akaniambia, "Wewe mdomo tu. Ishinde kompyuta kwenye ule mchezo wa vita wa kupokezana zamu, ngazi ya juu kabisa, maiki uchukue."

Nikacheka. Kompyuta ninayoijua mimi hupigana kijinga. Huleta askari mmoja mmoja kama mbuzi wanaokwenda kunywa maji.

Ya leo siyo hiyo! Nikaiwekea ng'ombe bondeni kama chambo, ikawapita bila hata kuwatazama. Ikazunguka msituni, ikatokea mlangoni pa mji wangu na jeshi zima. Jeshi zima, Nanyori! Hilary anaimba, "Dada, maiki hiyooo, inaondoka!"

Basi nikaomba amani. Nikaipa zawadi wale wale ng'ombe wa bondeni.

Ikakubali! Ikarudisha askari wote kwao, migongo wazi.

Zamu iliyofuata nikawaponda kwa nyuma, nikateka mji wake mkuu.

"Umevunja amani!" Hilary akaruka. "Wewe ni mtu gani?"

"Mtu mwenye maiki, kaka."

Sasa amenuna jikoni. Anaogopa nitawasimulia wakwe alivyopanda mti kumkimbia punda akidhani ni tembo. Nimemmiminia chai, nikamwambia, "Tufanye amani. Jumamosi sikutaji."

Ameamini, Nanyori! Kama kompyuta vile vile.