Kwa Kiema, Aliyezeesha Mabehewa

Mwaka umetimia, Baba Nzau, tangu useme unajinyoosha kidogo baada ya chakula cha mchana, na usiamke. Brashi ulikuwa umeiacha kwenye kikombe cha mafuta ya taa. Bado iko humo. Mafuta yalikauka zamani na brashi imekuwa ngumu kama kijiti.

Watu husema mwaka hupita upesi. Huu haukupita upesi. Nimechoka, Kiema. Nimechoka kupokea pole, nimechoka kusonga ugali wa watu wawili na kula wa mmoja, nimechoka kuulizwa kama nimezoea. Lakini watoto wamesema siku hii isipite kimya, basi naandika mimi mkeo, kwa niaba ya wote.

Wasiokujua wajue kwamba ulikuwa mpaka rangi wa reli. Maisha yako yote ya kazi uliyapaka mabehewa rangi mpya. Ulipostaafu ukarudi nyumbani hapa Salama, ukaanza kuyatengeneza madogo, ya mbao na mabati ya mikebe, kila moja la kutosha kiganjani. Uliyapaka rangi hadi yakapendeza. Halafu ukayachafua. Ulitaka yaonekane kama yamepigwa na jua miaka thelathini, yakanyeshewa, yakapakiwa na kupakuliwa na watu wasio na haraka.

Mimi nafua, wewe unachafua. Ndiyo ilikuwa ndoa yetu. Waya wangu wa kusugulia sufuria uliulowesha kwenye siki upate kutu. Soksi zangu za kwenda kanisani ulizikata ukachungia mchanga. Mvua ikinyesha ulisimama kando ya barabara kuu ukitazama matope yanavyotiririka kwenye mbavu za malori, mpaka madereva wakapunguza mwendo wakidhani wewe ni trafiki aliyevaa kiraia.

Jirani yetu Mzee Ndolo alikuuliza siku moja, "Sasa Kiema, kitu mpya hivi unaharibu ya nini?"

Ukamjibu, "Siharibu, mzee. Behewa safi ni ile haijafanya kazi."

Ulikuwa mtu mpole. Milango ya kanisa uliipaka rangi bila kuitisha hata soda. Aliyekuja kukucheka ulimpa kiti, na kabla hajaondoka alikuwa ameshika kitambaa, anakusaidia kupangusa. Uchafu uliupangusa zaidi ya ulivyoupaka. "Unapaka yote, halafu unatoa karibu yote," ulikuwa ukiniambia, nami nilikuwa nikikuambia uoge.

Behewa moja lilikuwa langu. Ulipokuja kwetu Tseikuru kuniposa ulimwambia marehemu baba kwamba siku ya kunichukua utakuja na treni. Baba akasema, "Basi huyu msichana atazeekea hapa." Reli haikuwahi kufika kwetu, na nilikuja Salama nimekaa juu ya magunia kwenye lori. Hukusahau. Tulipoenda kumzika mama ulichota mchanga kwenye lango la zizi la ng'ombe, ukautia kwenye kopo la ugoro, ukarudi nao. Ukatengeneza behewa la kubebea ng'ombe, ukalitia vumbi lile la kwetu, na alama za kwato mlangoni. Ukaniwekea mezani. Ukasema, "Treni imefika Tseikuru. Imechelewa tu." Nilikwambia una wazimu. Nililipenda kuliko kitu chochote ulichowahi kunipa.

Sasa nikuambie kilichotokea, kwa sababu hukuwepo.

Ulipofariki dada yako Mbithe alikuja siku hiyohiyo, wa kwanza kabla ya wote. Unamjua. Huzuni ikimshika anatafuta kitu cha kusugua. Alifagia boma, akaosha sufuria za watu wote, akaosha kuta. Kisha akaona mabehewa yako kwenye rafu, machafu hivyo, na wageni wanakuja. Nilipotoka nje niliyakuta kwenye kichanja cha vyombo, yote, yanametameta katikati ya sahani. Hata la Tseikuru. Mbithe akaniambia, macho yamevimba kwa kulia, "Mama Nzau, nimekusaidia na hizi za ndugu yangu pia. Nimeosha hadi huko chini."

Nikasema asante. Ningesema nini, na boma limejaa watu?

Lakini tangu siku hiyo sikuweza kumtazama. Akija nilikuwa na kazi shambani. Akipiga simu nilikuwa na usingizi. Watu wakasema ni mambo ya shamba, maana hapa kwetu mjane na wifi wakinyamaziana haiwezi kuwa kitu kingine. Mbithe naye akaamini ni shamba, akaacha kuja. Nilikuwa nimempoteza mume, na sasa nikawa nampoteza mtu pekee aliyekujua kabla yangu. Nililijua hilo. Nilichoka hata kulirekebisha.

Nzau ndiye aliyemwambia ukweli, kwamba ni lile vumbi la Tseikuru. Shangazi yake alipanda matatu na magoti yake yale mabovu, akapita Machakos, akapita Kitui na Mwingi, hadi Tseikuru kwa ndugu yangu Muindi, akamwambia anaomba mchanga wa lango la zizi. Muindi alinipigia simu. "Kuna mama hapa analia na anachota mchanga. Nimpee ama nimshike?"

Nikasema, "Mpe."

Kesho yake jioni alisimama mlangoni kwangu, vumbi mpaka kwenye nyusi, ameshika kopo la siagi kwa mikono miwili.

"Mama Nzau, mimi nilidhani ni uchafu tu. Si ungeniambia? Mwaka mzima karibu iishe, najiuliza nilikukosea nini." Akaniwekea kopo mezani. "Sijui kama ni hii. Kama siyo, nitarudi."

Angerudi kweli. Nilimtazama, Kiema, na nikaona miguu imevimba inatoka kwenye viatu. Nikamvuta kiti. Nikamkanda miguu kwa maji ya moto mpaka maji yakapoa.

Asubuhi tulijaribu. Nilishangaa kujua najua kila kitu, maana nilikuwa nimekugombeza hatua kwa hatua. Nikakata soksi nyingine. Tukachunga, tukapaka gundi nyepesi, tukanyunyiza, tukapangusa kwenda chini jinsi mvua inavyoshuka. Mbithe akapangusa kidogo, akaogopa, akaacha. Mimi nami sikutaka kutoa. Lilitoka baya. Si behewa lililofanya kazi, ni behewa lililoangukia mtoni.

Mbithe akaligeuza, akalitazama kwa muda. "Hii ni matope tu," akasema. "Ndugu yangu angetufukuza."

Tukacheka mpaka tukalia. Kisha tukalia tu. Nilikuwa sijalia na mtu tangu uende.

Liko dirishani sasa. Hatulipangusi, na upepo wa barabara unaingia kila siku na vumbi la malori. Mwanao Nthiwa alipokuja juzi alisema upande wa nje umeanza kufanana na kazi yako. Labda. Mimi macho yamechoka, siwezi kuapa.

Mbithe alisikia naandika haya, akasema, "Mimi usiniandike. Andika watoto." Halafu akaenda kuosha vikombe.

Wanaokukumbuka ni hawa: Mbithe, dada yako, ninayemweka wa kwanza, na anune akitaka. Watoto wako Nzau na Nthiwa na jamaa zao. Shemeji yako Muindi wa Tseikuru, aliyeambiwa aache lango la zizi lilivyo, asilimwagie saruji. Mzee Ndolo, aliyeomba behewa lako moja, la makaa, nikamnyima. Na mimi, Kanyiva, uliyenitumia treni.

Tumechoka, Baba Nzau, lakini kukusahau hatujui. Ulikuwa ukitoa karibu yote. Kilichobaki tunacho.