Kibao cha Daraja Ambalo Halipo

Tata Ambakisye,

Naanza na litakalokuudhi ili tulimalize mapema. Daraja bado. Ila jina limeshapatikana. Linaitwa Daraja la Ambakisye, baraza zima la madiwani limelipitisha kwa sauti moja, na kibao chake kimeandikwa na fundi wa Bulyaga kwa herufi za bluu, nzuri kweli. Kipo ofisini kwangu, kimeegemea kabati nyuma ya kiti changu. Watu wakiingia na mvua wanakitundikia miamvuli.

Usicheke. Mimi sicheki.

Kikao cha kwanza baada ya kukuzika tulisimama dakika moja kukukumbuka. Joho lako lilikunjwa likawekwa kwenye kiti chako. Halafu mwenyekiti akasema tuendelee, na tukaendelea. Tulipofika kwenye yatokanayo na vikao vilivyopita, agenda yako ikaja kama inavyokuja kila kikao tangu nihamishiwe huku kutoka Singida: daraja la miguu kwenye mto wa kwenu, watoto wavuke kwenda shule bila kutambaa juu ya gogo. Kwenye safu ya utekelezaji niliandika yale yale ya siku zote, "unaendelea". Kwenye safu ya mhusika nilikuwa nimeacha jina lako. Sikusahau, Tata. Nilishindwa tu kulifuta.

Mwenyekiti akalisoma kwa sauti, akakwama. Nikasema moyoni, leo wameguswa, leo watajenga. Akainuka mheshimiwa mmoja, akapendekeza kwamba ili kumuenzi marehemu, daraja lipewe jina lake. Makofi! Kikao kilichofuata tukajadili kama liandikwe Mzee au Mheshimiwa. Kilichofuata tena, kama kibao kiwe cha mbao au cha bati, maana mvua ya Tukuyu inaozesha mbao. Saa nzima na nusu. Mkono uliniuma kwa kuandika upuuzi. Hakuna hata mmoja aliyeuliza kibao chenyewe kitachomekwa wapi.

Na wewe nakulaumu, acha niseme. Miaka yote ile walipokuambia subiri, ulisimama, ukasema "ndaga fijo, waheshimiwa", ukakaa. Unawashukuru kwa lipi? Nilikuwa nakutazama kutoka kwenye meza yangu nikitamani upige meza japo mara moja. Uliniambia, "Mwanangu, mimi sipigi meza. Mimi nasoma." Na kweli ulisoma. Wenzako makabrasha waliyatumia kujipepea, na huku wala hakuna joto. Wewe ulikuja asubuhi na mabuti yako ya shambani, miwani mkono mmoja umefungwa uzi, ndizi mbili za kuchoma kwenye mfuko wa koti, moja yangu. "Ukurasa wa sita, mwanangu, mmenisemesha nisichosema." Ulikuwa unanikera! Nilikuwa nakunja uso ukiingia. Sasa nachapa muhtasari wenye kurasa kumi na nane na najua hakuna jicho litakalopita humo. Mwenyekiti anaita ukurasa wa kwanza, wa pili, wa tatu, na wao wanajibu "hakuna, hakuna, hakuna," huku wanatazama simu zao.

Kuna ukurasa mmoja ungenirudisha nao mbio. Niliandika, "Baraza na watumishi wake walishiriki kikamilifu mazishi ya marehemu." Likapita.

Wewe ulikuwa umeshalala, kwa hiyo nikueleze. Siku ile mvua ilianza alfajiri na mto ukajaa. Vijana wa kwenu walikuvusha begani, maji yakiwafika kiunoni, maana juu ya gogo hapakupitika. Sisi wa ofisini tulibaki ng'ambo ya huku. Mwenyekiti alitoa salamu za rambirambi kwa kipaza sauti, amesimama kando ya gari, na mto ulivyokuwa unanguruma sidhani kama mkeo alisikia hata neno. Mimi nilikuwa nimemshikia mwamvuli. Nilijiambia nimevaa viatu vya ofisini. Nilijiambia mimi mtu wa Singida, maji siyajui. Sikuvuka, Tata. Kaburi lako sijaliona mpaka leo.

Sasa sikiliza kilichonichosha kabisa. Wiki chache baada ya kibao kuletwa, mkeo, Mama Tumpe, alikuja sokoni na ndizi zake, akapita kunisalimia. Alikuwa amezunguka njia ndefu, sketi imelowa hadi magotini. Akakiona kibao. Alitoa miamvuli mmoja mmoja, akaipanga ukutani, akapitisha kidole kwenye jina lako. Halafu akaniuliza, uso umemng'aa, "Kumbe limejengwa? Mbona hatujaona mafundi?" Nikamwambia bado kidogo. Akasema, "Ndaga, mwanangu." Na yeye ananishukuru! Alipoondoka nilifunga mlango, nikalia kama mtoto, kwa hasira zaidi kuliko kwa huzuni.

Kikao kilichofuata mwenyekiti akataka kuifunga agenda yako. Jina limepitishwa, kibao kipo, tuandike limetekelezwa, tusonge mbele. Unajua maana yake. Wewe ndiye uliyenifundisha kwamba jambo likishatoka kwenye yatokanayo, halina wa kulikumbuka tena. Nikashika kalamu kama nimeshika nyoka. Ndipo yule mheshimiwa mcheshi, yule uliyekuwa unamwita redio, akadakia kutoka nyuma: limetekelezwa vipi na kibao kinakaa ofisini? Mwenyekiti akakiweke mtoni mwenyewe, tumwone akivuka. Watu wakacheka. Mwenyekiti naye akacheka, akajibu, "Nitakwenda, tena Alhamisi ya kikao kijacho, na ninyi nyote nyuma yangu. Mnadhani naogopa maji?" Wakapiga makofi, wakasema ndiyo. Ikaja chai.

Mimi nikaandika. Sikuongeza neno, naapa. "Mwenyekiti aliahidi kwenda mtoni mwenyewe siku ya kikao kijacho, akiongozana na wajumbe wote, kuweka kibao. Wajumbe waliafiki. Agenda inabaki wazi." Mhusika: Mwenyekiti. Vicheko sikuviandika, kwa sababu wewe uliniambia muhtasari hauna sehemu ya vicheko.

Juzi, kabla ya kile kikao cha Alhamisi, kikakaa kikao cha dharura, na muhtasari ukaletwa uthibitishwe. Ukurasa wa kumi na moja, wenye ahadi ile? Hakuna. Mwenyekiti akasaini, mhuri ukagongwa.

Jana akapokea barua yangu ya kumkumbusha safari, akaniita. Alikuwa anausoma ule ukurasa kwa mara ya kwanza, kidole kwenye mstari. Akaniita kwa jina, "Hawa, huu ulikuwa utani." Nikamwambia, mheshimiwa, ni maneno yako na saini ni yako. Nilitegemea anifokee. Alitazama dirishani, mvua inanyesha, akauliza polepole kama maji bado yanafika kiunoni. Nikasema sijui, mheshimiwa, siku ile mimi na wewe tulikuwa ng'ambo moja. Akanirudishia karatasi.

Sijui nimefanya vizuri au nimejiharibia kazi. Ungekuwepo ungeuona mstari ule kabla ya wote, ungeteremsha miwani, ungenitazama. Lakini ungekuwepo nisingehitaji kuuandika. Wamekukosa kama diwani, wamesimama dakika moja, yakaisha. Mimi nimekosa mtu wa kunisoma, na hilo haliishi kwa dakika moja.

Basi Alhamisi tunakuja. Kwenye barua za wajumbe nimeandika wavae mabuti. Mmoja amenipigia simu kuuliza kama gari linafika, nikamjibu asome barua. Mwenyekiti akifika ukingoni anaweza kukichomeka kibao upande wa huku na kurudi kwenye gari lake, na nitaandika hivyo hivyo alivyofanya. Akivuka, nitaandika amevuka. Ila mwamvuli simshikii tena.

Nimenunua mabuti sokoni, meusi, yananipwaya. Nimekwisha kumwambia Mama Tumpe anisubiri ng'ambo ya kwenu na fimbo ndefu. Nakuahidi, Tata, agenda yako haitafungwa kwa mkono wangu mpaka mtoto apite juu ya maji na viatu vikavu. Na nakuahidi lingine dogo. Nitakuja na ule muhtasari wa mazishi, nikusomee hapo ulipo, kurasa zote, taratibu, nikingoja kidogo kila mwisho wa ukurasa kama una la kusahihisha. Ule mstari wa kushiriki kikamilifu nitaufuta mbele yako.

Pumzika, Tata wangu. Ndizi ya kuchoma nakuja nayo. Safari hii navuka.

Mwanao wa ofisini,
Hawa