Siku Tuliyompa Mama Maji

Mwaka umetimia, Fundi, tangu asubuhi ile uliposimama mlangoni na mkoba wa spana begani, ukamwambia mama "Ba," naye akakujibu "Ba," ukaenda zako karakana na usirudi. Moyo wako ulisimama ukiwa umepiga magoti nyuma ya friji ya watu. Wenzako walidhani unatafuta skrubu iliyoanguka.

Tangazo hili ni la familia nzima. Anayeshika kalamu ni mdogo wako, yule uliyembandika jina la Kasuku, lakini tumemkataza kabisa kusema "mimi", maana tukimwachia atajaza gazeti. Amekubali shingo upande.

Kwa wasiokujua, tuseme ulikuwa mtu wa namna gani. Mchana ulitengeneza friji. Muda uliobaki ulikuwa wa lugha: za watu, na za kubuni mwenyewe. Wengine hufuga njiwa, wewe ulifuga lugha. Za watu ulijifunza kwenye vile vijitabu vya maelekezo vinavyokuja na friji mpya, ambavyo kila mtu huvitupa pamoja na boksi. Habari moja kwa lugha chungu nzima, ulituambia, sasa mtu anataka mwalimu wa nini tena? Ndiyo maana Kireno chako kilikuwa cha friji tupu. Siku alipoingia karakana mama mmoja Mreno, ulimkaribisha kwa bashasha zote, naye akacheka mpaka akatafuta pa kukaa. Ulikuwa umemwambia kwamba asilazwe ubavu wakati wa kusafirishwa.

Hukuona haya hata kidogo. Kukosea ndiyo ilikuwa mbinu yako. "Watu ni wavivu kufundisha," ulikuwa ukisema, "lakini kusahihisha? Thubutu! Hakuna anayeweza kujizuia." Basi ukawa unakosea makusudi. Ukimpigia simu yule Mjapani wa vipuri, ulimtajia kila kitu kwa jina la kitu kingine, naye kwa uchungu wa lugha yake akakufundisha bure. Mkeo alipokuuliza utakua lini, ulimjibu kwamba kupotea njia ndiko kujua njia. Naye akasema, "Sawa, ila kwanza ijue njia ya dukani, chumvi imeisha."

Za kubuni ulianza utotoni. Watoto wote tulisema kinyume, "maji" yanakuwa "jima", na wakubwa wanajifanya hawaelewi. Wewe kinyume kilikuchosha upesi. Ukabuni Kisabuni, lugha ya bafuni, ambayo vitenzi vyake vilikuwa na wakati ujao tu, kwa sababu hakuna mtoto aliyekuwa tayari kuoga sasa hivi. Ukabuni nyingine ambayo ngeli zake zilipangwa kwa harufu. Mwanafunzi wako alikuwa Kasuku peke yake, na hata yeye ulimhonga karanga. Mama alikuwa akipita na beseni la nguo, anasikiliza, anatikisa kichwa. "Mwanangu," anakuuliza, "hizo lugha zako atazisema nani?"

Jibu lilikuja baada ya miaka mingi, tena kwa njia ambayo hakuna aliyeiomba. Mama alipata kiharusi. Wahenga walisema ulimi hauna mfupa; wa mama ulikuwa kama umeota. Alisikia kila kitu, alielewa kila kitu, alicheka panapochekesha, lakini Kiswahili hakikutoka. Tukamzunguka kitandani tunabahatisha: mto? dirisha? taa? Naye analia kwa hasira, na sisi tunalia kwa kutojua.

Ulirudi kutoka kazini ukatuambia wote tunyamaze. Ukakaa ukingoni mwa kitanda ukatega sikio. "Akili iko nyumbani," ukasema. "Mlango ndio umekwama." Ulimsikiliza jioni baada ya jioni, kwa subira ile ile uliyomsikilizia kompresa mgonjwa nyuma ya friji, mpaka ukazijua sauti alizobakiwa nazo: ba na bi, ma na mu, na, nu, na a. Basi. Kwa hizo hizo ukamjengea lugha. Kila neno mlikubaliana wawili, lisilompendeza alilikataa kwa "A-a!" na wewe ukaenda kulitengeneza upya. "Bina" kikawa kijiko. "Mabi" ukawa mto wa kulalia. "Nuba" yakawa maji, "ba" ikawa kwenda, "amu" ikawa changu, langu, yangu, wangu, vyote pamoja, kwa sababu ngeli hukuziweka hata moja. Mama amechoka vya kutosha, ulisema, hatumwongezei ngeli.

Wewe mwenyewe alikuita Nu. Tulidhani ni jina la kudekeza tu, hatukuuliza.

Mungu wangu, mlivyokuwa mkisengenya! Jirani ameketi pale pale, kikombe cha chai mkononi, anawaonea huruma, kumbe anayesemwa ni yeye na wigi lake. Mama alicheka mpaka machozi. Sisi wengine tuliokota vijineno viwili vitatu, tukaishia hapo. Tungejisumbua ya nini, na wewe upo? "Muulizeni Fundi mama anasema nini." Nyumba nzima iliishi kwa sentensi hiyo.

Halafu tukakuzika.

Kila mtu alisema lake siku hiyo. Mafundi wenzako walisema, mkeo alisema kidogo sauti ikakatika. Mama alikuwa kwenye kiti chake cha magurudumu, karibu na kaburi. Jeneza lilipoanza kushuka aliinua ule mkono mmoja unaomtii, akasema kwa nguvu ambayo hatukujua bado anayo: "Nu! Ba! Amu!" Akarudia: "Nu! Ba! Amu!" Watu wote wakatugeukia. Na mtu pekee ambaye angetuambia maana yake ndiye aliyekuwa anashushwa.

Fundi mwenzako, yule mrefu aliyezoea kula kwetu, akakumbuka neno moja. "Nuba!" akasema. "Anataka maji! Jamani, mpeni mama maji, jua kali hili." Tukakimbilia chupa kama tumeokolewa. Mkeo akamshikia gilasi mdomoni. Mama alitutazama mmoja mmoja, polepole. Kisha akanywa. Alikunywa yote, Fundi, akanyamaza, na sisi tukaambiana afadhali, kumbe ilikuwa kiu.

Baada ya hapo hakusema tena. Si ba, si bi. Akawa bubu mara ya pili. Akitaka kitu anaonyesha kwa kidole, asipoeleweka anafumba macho. Habari ya kiu ilimkaa Kasuku kooni. Mtu mwenye kiu, alijiuliza, atapiga kelele vile? Akamwuliza mama waziwazi: "Mama, siku ile ulisema nini?" Mama akageukia ukutani. Akamwuliza tena wiki nyingine, akageukia ukutani tena. Kasuku aliona lugha nzima inafia ndani ya kinywa cha mtu mmoja, na humo humo limo neno ambalo mama alikusudia ulisikie kabla ya udongo.

Ndipo alipoikumbuka mbinu yako. Siku moja wakati wa uji alikiinua kijiko mbele ya mama, akasema bila kucheka: "Mabi." Mto. Mama akamtazama kama anavyotazamwa mjinga. "Mabi," Kasuku akasisitiza, akalaza shavu juu ya kijiko, akafumba macho, akakoroma. Mama alivumilia. Alivumilia tena. Halafu yakamshinda.

"A-a!" akafoka. "Bina!"

Neno la kwanza tangu tukuzike. Mkeo alikuwa jikoni, sufuria ilimponyoka.

Kuanzia hapo nyumba yako ikageuka nyumba ya wakosaji. Mkeo aliita mlango kiatu. Binti yako aliita kiatu bibi. Kasuku alikosea kila kitu, na mengine wala hakukosea makusudi. Mama alitusahihisha kutwa, amekasirika, amechangamka, mashavu yamerudi. Binti yako sasa anasengenya naye vizuri kuliko wewe, na yule jirani bado anakuja na wigi lake.

Neno moja tu hatukulisikia tena: nuba. Akitaka maji alionyesha kidole, na tukimtajia neno lenyewe alikunja uso. Mpaka juzi alasiri. Kasuku alimletea gilasi, akasimama nayo mkononi, akakosea kwa makusudi kosa kubwa kuliko yote.

"Nuba amu," alimwambia. "Maji yangu. Ndivyo ulivyosema kule makaburini, au sivyo, mama?"

Mama hakugeukia ukutani. Alimkazia Kasuku macho mpaka Kasuku akajuta kuanza. Kisha mama akanyoosha mkono, akamgusa Kasuku mdomoni.

"Nu," akasema.

Akaelekeza kidole mlangoni, pale pale ulipokuwa ukisimama na mkoba wako. "Ba."

Akajigusa kifua. "Amu."

Kinywa. Kinakwenda. Changu.

Hayo ndiyo aliyoyasema, Fundi. Maji uliyaita kinywa-kwenda, kiendacho kinywani, ukayaunga kuwa neno moja. Mama aliyatamka maneno hayo moja moja, na sisi hatukusikia nafasi iliyokuwa katikati. Mama yako alikulilia mbele ya watu wote kwa lugha uliyomjengea mwenyewe, na sisi watoto wake tukampa maji. Na kwa kuwa hakuwa na kinywa kingine cha kutuambia, aliyanywa.

Kasuku aliweka gilasi chini akalia kama mtoto. Tukaja wote kuona kuna nini, naye akatueleza, tukalia pamoja, mwaka mzima baada ya wakati wake. Mama alilia pia, kwa sauti, kilio ambacho hakikuwahi kupata pa kutokea. Tunakuandikia hapa ili ujue: hukuondoka bila kuagwa. Uliagwa, tena kwa lugha yako.

Liko na jingine, na hili hukulifundisha wewe. Tulipotulia, mama alituzungushia kidole mmoja mmoja: mkeo, binti yako, Kasuku. "Nunu," akasema. Kasuku akadhani ulimi umekwama, akamsaidia: "Nu?" Akafokewa: "A-a! Nunu! Nunu amu!" Kidole kikatuzunguka tena. Vinywa. Vinywa vyangu. Wingi wa neno hilo hukuuweka, Fundi, na tunajua kwa nini: alikuwa nacho kimoja tu. Ameubuni mwenyewe. Alikuuliza lugha zako atazisema nani, na leo anazitunga.

Ungefurahi. Ungempa karanga.

Lakini binti yako alipoionyesha picha yako ukutani, akamwuliza, "Na huyu je, bibi? Nunu?", mama alitikisa kichwa. Aliitazama ile picha. Akajibu kwa neno la umoja.

"Nu," akasema. "Nu amu. Ba."

Na safari hii hakuna aliyekwenda kuleta maji.

Unakumbukwa na mama yako, aliyekuzaa na kuzungumza kwa kinywa chako. Mkeo, ambaye bado anaweka vijitabu vya friji mezani na hataki vitupwe. Binti yako, mwenye masikio yako. Mdogo wako Kasuku. Mafundi wenzako wa karakana, na hasa yule mrefu, ambaye tulimweleza maana ya maneno yale akaomba aandikwe hapa kwamba anasikitika. Mungu akulaze pema.

Daima, siku zetu zote, u kinywani mwetu.