Fundo Lililokazwa Kavu

Chumba cha Cherehani,
Mlango wa Nyuma.
Jumatatu, katikati ya kiangazi.

Mpendwa Kaka,

Pokea salamu zetu sote. Je, kifua kimepona? Usiache dawa kwa sababu tu umeona nafuu, nakujua. Sisi ni wazima, ila joto linatutesa na Mama analalamikia magoti yake kama kawaida.

Sasa kaa chini. Fimbo ya Baba ya kuvulia imerudi.

Hujasahau Shemeji Profesa alivyoibeba siku tatu baada ya mazishi, ilhali sote tunajua Baba alikuachia wewe. Ulipomuuliza kwa simu akakujibu kwamba asiyemzika baba yake hana cha kudai. Neno hilo lilinikaa kooni miaka miwili, Kaka. Kila nilipomshonea suruali nilitamani kumwachia pini kiunoni.

Jana Dada Mkubwa alitualika ziwani kuvua besi, wale samaki wenye mdomo mpana aliowapenda Baba. Tukakodi boti asubuhi. Mume wake, huyo Profesa, akaja na fimbo yetu begani na kofia mpya, domo halipoi. Nikamchokoza: atakayevua besi mkubwa kabla ya saa sita aichukue fimbo. Nikishindwa, nimshonee suti ya harusi ya binti yake. Alicheka mpaka akakohoa, akakubali mbele ya mwenye boti.

Kisha nikamwona akifunga ndoana. Unajua Baba alivyosisitiza fundo liloweshwe mate kabla ya kukazwa, maana mshipi ukikazwa mkavu unajiunguza na kudhoofika. Shemeji alilikaza kavu. Niliona waziwazi, nikafunga mdomo kama niliyebana pini kwa meno.

Saa nne na kitu fimbo yake ikapinda. Besi akaruka juu ya maji, mkubwa kweli, na Shemeji akaanza kutuhutubia jinsi ya kumchosha samaki. Katikati ya hotuba mshipi ukakatika pale kwenye fundo. Akabaki amesimama, akimlaumu mwenye duka la mishipi. Dada aligeuka kutazama bata, mabega yakimtikisika.

Nikatupa chambo palepale kwenye matete alikokimbilia, mara nyingi, mpaka bega likauma. Ilipobaki robo saa, besi akashika. Nilipompandisha alikuwa na ndoana mbili mdomoni, yangu na ya Shemeji.

"Huyo wangu," Shemeji akasema.

"Wako alishakwenda zake," mwenye boti akamjibu. "Mpe huyu mshonaji fimbo yake."

Alinikabidhi bila kunitazama. Nami nikamwambia asiyempandisha samaki wake hana cha kudai. Ningeweza kunyamaza, najua. Sikutaka, na leo nimeamka na raha ileile.

Ndoana yake nimekufungia humu kwenye kitambaa, angalia isikuchome. Fimbo iko juu ya kabati langu. Ukija tutaanza na fundo, maana wewe pia ulikuwa ukilikaza kavu. Kila ulipogeuka Baba alilifungua, akalilowesha na kulifunga upya, na hakukuambia hata siku moja.

Msalimie wifi na mapacha. Mama anakuombea kila siku, na Dada anakusalimu kwa sauti ya chini, mumewe asisikie. Mungu akutunze, akurudishe kwetu ukiwa mzima.

Mdogo wako akupendaye,
Mbishi