Tressa, Bunduki Ilitoka Jikoni Kwetu

Jumatatu hii, siku ya kwanza ya msimu wa kuwinda kulungu, mwaka unatimia tangu upigwe risasi kwenye ngazi za bweni lako, Tressa Rae Skidmore, mtoto wetu wa miaka ishirini mwenye viatu visivyoisha udongo.

Hatusemi umelala. Hatusemi umetangulia. Mwaka jana chuo kiliandika kwamba "ulituacha kufuatia tukio la kusikitisha," kana kwamba mtu alikuudhi ukachukua koti lako ukaondoka. Ulipigwa risasi mbili. Moja ya kifua, moja ya mkono uliokuwa umeuinua. Safari hii mama yako alitaka tangazo hili la kumbukumbu liandikwe na mtu aliyesoma. Bibi yako, aliyeishia darasa la saba, akamwambia, "Dreama, lile la mwaka jana waliandika waliosoma." Ndipo akaachiwa kalamu.

Ulikuwa unakula mkate wa mahindi kuanzia kwenye ukoko, wengine ukawaachia katikati. Asubuhi ulikuwa unawauliza kuku habari za kazini. Ulikwenda kusomea misitu, ukarudi likizo ya kwanza unamsahihisha mjomba wako Arlie majina ya miti.

"Mjomba, huo si mwaloni mweupe."

"Nimeikata hii miaka thelathini, haijawahi kulalamika naiita vibaya."

"Itasemaje na wewe umeshaikata?"

Arlie bado anaisimulia hiyo, na huwa haifikishi mwisho.

Pale bwenini walikupa kazi ya kulea ghorofa nzima, wanafunzi arobaini. Uliwaamsha wenye mitihani, ukawakata nywele wasio na hela ya kinyozi, ukawapatanisha waliogombania friji. Chumba cha mwisho alikaa Brannon. Brannon aliacha kwenda darasani mwezi wa tisa. Alitundika blanketi dirishani. Alikwambia mabomba ya maji yanamcheka usiku kucha. Ukawa unamwekea sahani ya chakula mlangoni, asubuhi unaikuta imeoshwa.

Ukaandika barua kwa ofisi ya ushauri nasaha. Ya kwanza mwezi wa tisa, ya pili wa kumi, ya tatu wiki mbili kabla hujafa. Tunazo zote. Katika ya tatu uliandika: "Naomba mtu mzima aje kumwona. Mimi sijui kazi hii. Mimi nasomea miti." Jibu lilikuwa mstari mmoja, lilelile mara tatu: wanashukuru kwa kuwajali wenzako, wamepokea. Brannon naye ulimshika mkono ukampeleka mwenyewe. Akapewa miadi ya wiki saba mbele.

Basi ukafanya kitu ambacho ungekifanya hata kwa paka. Ukamleta nyumbani.

Sasa hapa, mjukuu wangu, ndipo bibi yako alipoomba wengine watoke jikoni ili aandike.

Ilikuwa Jumamosi, siku tisa kabla ya msimu. Brannon alikula sahani tatu za maharage na kumwita bibi yako "mama." Kijana mpole, mabega kama ya mtu aliyenyeshewa. Na huku kwetu milimani, kijana akiinamisha kichwa hivyo, dawa yake inajulikana: anapewa bunduki, anapelekwa msituni, anakaa juu ya mti na baridi mpaka huzuni imchoke. Bibi yako akasimama, akaishusha bunduki ya babu yako Hobert kwenye msumari nyuma ya mlango.

Ukamfuata mpaka kwenye jiko. "Bibi, usimpe."

"Nisimpe nini?"

"Hiyo. Si yeye, bibi. Si sasa hivi."

"Kijana anahitaji hewa. Babu yako alipofukiwa mgodini akafukuliwa, aliponywa na nani? Daktari? Alikaa mtini siku nne na bunduki hii, akashuka anacheka."

"Babu hakuwa anasikia mabomba yakimcheka."

"Alikuwa ananisikia mimi nikimcheka, na mimi ni mbaya kuliko mabomba. Na akapona!"

Meza nzima ikacheka. Hata Brannon alitabasamu. Wewe hukucheka. Ulichukua sahani yake ukaiosha taratibu mno, kama mtu anayengoja aulizwe jambo. Hakuna aliyekuuliza.

Ulikuwa utani mzuri. Bibi yako ametania watu miaka sabini na hajawahi kupata mzuri kama huo. Anausikia kila akiwasha jiko.

Chuoni bunduki hazilali vyumbani. Mwanafunzi mwindaji huiacha kwenye dirisha la walinzi, inafungiwa kabatini, naye huichukua siku ya kuwinda. Kati ya dirisha hilo na mlango wa ofisi zilikokwenda barua zako kuna milango miwili na mashine ya soda. Tumepima kwa miguu. Hatua kumi na tisa za bibi mwenye goti bovu.

Jumatatu ile saa mbili kasoro asubuhi, Brannon alifika dirishani na koti la rangi ya chungwa kama wawindaji wote. Mlinzi alikuwa Dorsey Kuhl. Akamkabidhi bunduki ya Hobert, aliyokuwa ameiacha pale, akamtakia apate dume kubwa. Brannon hakupanda mlimani. Alirudi bwenini, akafyatua ya kwanza kwenye bomba la maji, akashuka chumba cha kufulia akawaua wasichana wawili wa ghorofa nyingine waliokuwa wakikunja mashuka.

Na hakuna aliyekimbia. Hiyo ndiyo inayotutafuna. Watoto wa milimani wamelala, wanasikia milio siku ya kwanza ya msimu, wanajigeuza upande wa pili. Mmoja alisema kitandani, "Wameshapata mmoja." Kwetu nako bibi yako alikuwa anakanda unga wa mikate ya soseji uliyoipenda, anahesabu milio ya mlimani, akafika ishirini na moja, na kila mmoja akiushangilia.

Wewe peke yako ulijua. Mwindaji hufyatua moja, hungoja. Hii haikungoja. Ulitoka na soksi, ukapiga milango kwa ngumi zote mbili: "Amkeni! Hiyo si ya kulungu! Tokeni nyuma!" Wote arobaini kasoro Brannon walitoka, mmoja amevaa taulo. Wamekuja hapa nyumbani mmoja mmoja mwaka huu wote, wanakaa kwenye kiti chako, wanakula, hawajui waseme nini. Mwenye taulo alileta keki mbichi katikati. Tuliila.

Ulikutana na Brannon kwenye kona ya ngazi. Wanasema ulimwita jina. Wanasema uliinua mkono kama unavyomzuia ng'ombe. Kisha akajimaliza na yeye, ngazi tatu juu yako.

Mtu wa mochwari alituambia tusifungue shuka. Bibi yako amechuna kulungu miaka sitini. Risasi ya bunduki ile inaingia kama kidole na kutoka kama ngumi, yeye ndiye aliyekuwa akiwaambia watoto hivyo, kwa majigambo. Alifungua. Hataandika alichokiona. Alikuosha nywele, zilikuwa na vumbi la plasta, na akasuka ule msuko wako wa kando.

Mwaka huu mwezi wa kumi polisi walipiga simu: kesi imefungwa, njooni mchukue mali yenu, jina lenu limechongwa kwenye kitako cha bunduki. Arlie alitaka kuikatakata hapohapo. Bibi yako akasema, "Subiri kidogo." Maana wiki ileile chuo kilikuwa kimetualika kwenye uzinduzi wa benchi lenye jina lako, na barua ilisema mambo yamebadilika kabisa.

Bibi yako alitaka kuamini. Alitaka pia kuona.

Chuo chenu kinawaruhusu wazee waketi darasani bila ada. Akajiandikisha ufinyanzi. Ana kadi ya mwanafunzi, kwenye picha anafanana na mwizi wa farasi. Ameshafinyanga bakuli tatu, zote zimeinama upande mmoja kama zinasikiliza umbea. Na kwa kuwa sasa ni mwanafunzi, akaenda kuiacha bunduki ya Hobert kwenye dirisha la walinzi. Waliipokea.

Alhamisi iliyopita alikwenda kwanza ofisi ya ushauri nasaha. Akamwambia binti wa mezani, "Silali. Mjukuu wangu aliuawa hapa. Nina mawazo mabaya, na kuna siku naiogopa mikono yangu."

"Pole sana, bibi. Ni dharura?"

"Kwenu dharura ni nini?"

"Kama umekusudia kujidhuru au kumdhuru mtu leo."

"Leo bado. Nina ufinyanzi saa tisa."

Binti akacheka, maskini, akaona haya, akaandika kadi: tarehe nane Januari. Na alichoambiwa hakikuwa uongo, Tressa. Bibi yako alikwenda pale kutega mtego, akajikuta amesema kweli mbele ya mtoto wa watu.

Kisha hatua kumi na tisa. Dirishani alikuwa kijana mgeni.

"Nimefuata bunduki yangu, mwanangu."

"Kadi yako, bibi. Eh! Bado unawinda?"

"Kwa umri huu kulungu wananihurumia, wanakuja wenyewe."

Kijana akacheka mpaka akashika meza. Akapiga muhuri risiti, akampa pamoja na bunduki. "Upate dume kubwa, bibi." Kwa saa iliyo juu ya mashine ya soda zilikuwa dakika nne tangu apewe kadi ya Januari. Bunduki ileile. Namba yake imo kwenye ripoti yao wenyewe.

Arlie alikuwa anangoja garini. "Wamekupa?"

"Wamenipa na heri wamenitakia."

Mjomba wako hakulia kwenye mazishi. Alilia pale, kichwa kwenye usukani, mpaka honi ikalia. Jioni hiyo aliikata ile bunduki vipande vitano kwa moto wa kukatia chuma karakanani.

Ijumaa ikawa sherehe ya benchi. Mkuu wa chuo alisema vizuri, ana sauti ya kanisani. Akasema hakuna aliyeweza kujua. Bibi yako akasimama.

"Mheshimiwa, mimi ni mwanafunzi wako." Watu wakacheka. Akasoma kadi ya Januari, akasoma risiti ya dakika nne. Hawakucheka tena.

"Mama," mkuu akasema, "tunaheshimu uchungu wenu, lakini wanasheria wetu…"

"Sijawauliza wao. Barua za Tressa zilisomwa na watu watatu, wako hapa, wameketi mstari wa mbele. Nataka mmoja aseme: niliambiwa, nikapuuza. Basi. Na kama ni aibu, natangulia."

Arlie akamvuta koti. "Mama, kaa chini. Usiseme hilo."

"Niachie koti langu." Kisha akasema. Kwamba bunduki ilitoka jikoni kwake. Kwamba ulimwomba asitoe. Kwamba alikujibu kwa mzaha, watu wakacheka, na ukaosha sahani. Mama yako alikuwa hajui hilo la kuomba, Tressa. Alilisikia pale, pamoja na wageni. Alimtazama bibi yako na bado anamtazama hivyo.

Mstari wa mbele waliangalia karatasi zao. Mmoja alifunga kifungo cha koti, akakifungua, akakifunga tena. Kwa nyuma kabisa mtu akasema, "Mimi nilimpa." Alikuwa Dorsey Kuhl, na fulana ya maegesho, maana adhabu pekee iliyotolewa chuo kizima ni kumhamishia yeye kwenye magari. "Alinisalimia, nikamwona macho mekundu, nikasema ni baridi. Nikampa."

Ndiyo hivyo. Benchi lipo. Hatujalikalia.

Ule msumari nyuma ya mlango wa jikoni sasa umeshika barua zako tatu, zimetobolewa pembeni. Ya nne tulipaswa kuipokea kutoka mdomoni mwako, usiku ule jikoni. Bibi yako amechelewa mwaka mzima kukujibu, anakujibu leo, gazetini, kila mtu asome: ulisema kweli, mwanangu, nami nilikucheka.

Jana Dorsey alikuja mlangoni, kofia mkononi, akauliza kama jina lake linaweza kuwekwa hapa. Mama yako aliepua kwanza maharage yaliyoanza kuungua. Akasema, "Mwandike." Mhariri naye amepiga simu akidhani mistari mitupu ya chini ni kosa. Si kosa. Ni ya wale watatu wa mstari wa mbele, nafasi zao tutaziacha kila mwaka.

Unakumbukwa na mama yako Dreama, kaka yako Wade, mjomba wako Arlie, watoto thelathini na tisa wa ghorofa yako, na bibi yako Icie.

Na Dorsey Kuhl.

Na ……………………

Na ……………………

Na ……………………

Hutasahaulika kwetu, Tressa, maadamu mlango wa jikoni una msumari.