Benchi la Fortunatus Libaki Nje

Baba Fortu,

Ugali nimefunika. Mahindi usiyaanike, wingu limetanda. ~~Benchi alilotengeneza Fortu lirudishe ndani.~~ Liache hapo hapo nje.

Jumapili ulininunia niliposema kanisani kwamba mwanetu alijiua, na yeyote aliyechoka kuishi aje kwangu tuongee. Leo asubuhi nafungua mlango, mzee Selestini amekaa kwenye benchi. Nikajua kaja kunigombeza. Akasema, "Mama Fortu, mimi nimechoka."

Nampeleka zahanati, halafu kwa dada yake. Simwachi peke yake.

Ndiyo, Selestini yuleyule aliyewazuia watu wasituchimbie kaburi la Fortu. Amenishika mkono kama mtoto.

Akija mwingine, mpe uji, kaa naye, umsikilize.

Mama Fortu