Mzizi Nilioukata Mimi

Mkunazini, Unguja

Kwa mama yangu mzazi, Bi Mize, Wete, Pemba.

Mama, shikamoo. Nnakuamkia kwa adabu na kwa machozi. Kifua chako vipi siku hizi za mvua? Mdogo wangu Zuhura anakuchemshia mchaichai kama nilivyomuusia? Mimi mwili mzima, roho ndiyo mgonjwa.

Simu ya maandishi niliyokupelekea ilikuwa na maneno machache: Mjomba Faki kafariki, keshazikwa. Pale posta sikuweza zaidi. Leo nnakueleza ndugu yako alivyokufa, maana una haki ya kujua.

Unajua mimi na mjomba tuliajiriwa na bwana mmoja wa mambo ya udongo, kule msitu wa Jozani. Kazi yetu kuchimbua udongo na kuhesabu wadudu: nyungunyungu, majongoo, na wadudu weupe wadogo mno, mpaka uwatazame kwa kioo cha kukuzia. Bwana alitaka kujua wanakula nini. Watu husema wanakula majani yaliyoanguka. Yeye akidhani ni mizizi inayowalisha. Basi chini ya mti mmoja mkubwa wa mtondoo, upande mmoja tukawa tunafagia majani kila asubuhi, na upande wa pili tukachimba handaki tukate mizizi yote.

Tulipofika kwenye mzizi mnene kama paja, mjomba akanishika mkono.

"Huu tuuache, Khamis. Mti umesimama juu ya mawe, udongo wenyewe kiganja tu. Huu ndio unaoushika."

"Bwana kasema yote, mjomba."

"Bwana hajui upepo wa masika."

Zuhura, wewe unayemsomea mama, hapa usiruke mstari. Nilimjibu mjomba kuwa kama anaogopa akae pembeni. Nikachukua shoka, nikaukata mwenyewe.

Miezi ikapita. Palipofagiwa majani, wadudu wakabaki karibu vile vile. Palipokatwa mizizi, nyungunyungu wakawa haba, majongoo hata huwaoni. Bwana akafurahi sana. Akatueleza kuwa mzizi ulio hai hutoa utamu udongoni, wadudu wasioonekana wakaula, nao wakaliwa na wakubwa wao. Mjomba akacheka: "Kumbe mti nao una jiko!"

Kisha ikaingia masika. Asubuhi ile mvua ilikuwa na siku ya tatu haijakatika. Mjomba alikuwa upande uliofagiwa, kainama anajaza udongo mkebeni. Mimi nilikwenda kuchukua gunia. Upepo ukavuma mara moja tu, kutoka upande tuliokata mizizi. Sikusikia kitu kuvunjika. Mtondoo ulilala na udongo wake, polepole, na mimi nnapiga kelele. Nilimkuta umembana kifuani. Niliukumbatia mti ule niunyanyue, mama, kama mwendawazimu. Mjomba alinitazama, midomo ikatamka shahada, basi.

Watu wa Pete, kijiji cha jirani na msitu, walimwosha, wakamsalia, wakamzika kama mtu wao. Bwana alikuja mazikoni akalia. Baada ya siku saba akaniita tukachimbe kwenye mti mwingine. Nikamwambia siwezi. Nikaja mjini, nimekaa kwa Mpemba mwenzetu mmoja, mshona kofia. Mchana nnakaa barazani kwake.

Hapa hakuna anayenilaumu. Wote wanasema kudura ya Mungu. Nami kudura naiamini, lakini shoka nilikuwa nalo mimi.

Nisalimie baba mdogo na wanawe. Nisalimie bibi mkunga, jirani yetu, na mwalimu wangu wa chuoni aliyenisomesha Kurani, waniombee. Zuhura mwambie asilie sana.

Mke wa mjomba usimpe salamu zangu, wala barua hii asisomewe. Nnapanda meli ya Alhamisi kuja huko, inshallah. Najua yumo edani, hakai mbele ya wanaume. Nitakaa nyuma ya pazia, nimwambie mwenyewe.

Mwanao anayeomba radhi zako,
Khamis